Mvutaji Mashuhuri wa Temeke

Marijani wa Temeke alikuwa na ugonjwa mmoja na uongo mmoja, na nakwambia, uongo ndio uliokuwa na haraka ya kummaliza.

Ugonjwa aliupata kazini. Miaka kumi na mmoja, katika kiwanda kimoja cha sabuni njia ya Pugu, alikoroga unga mweupe wa asbesto kwa maji mpaka ukawa kama uji mzito, akaukandika kwenye matangi ya mvuke ili joto lisitoroke. Alirudi nyumbani mweupe hadi kope, mkewe Chausiku akimpokea, "Karibu, Mzungu wangu." Mwaka hamsini na saba akaanza kukohoa damu. Hospitalini wakampiga picha ya kifua, na daktari akamwambia wazi kwamba pafu la kulia lina saratani. Kama imetokana na kazi, sheria inamtaka mwajiri alipe fidia. Kama imetokana na sigara, basi, shauri yake.

Sasa uongo. Marijani hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake, moshi ulimtapisha. Lakini siku zile mtu wa kazi ya kiwandani akikaa barazani bila sigara alionekana hajafika mjini. Basi akanunua kopo moja la sigara za bei mbaya. Kila jioni akajipachika moja mdomoni, haina moto, akakunja nne, akazungumza nayo, na watu wakitawanyika akairudisha koponi taratibu. Ukimpa kibiriti anakwambia, "Ngoja kwanza nishushe chai." Kopo lile lile, tangu vita viishe!

Mwakilishi wa kampuni, bwana mmoja mwenye tai na kalamu tatu mfukoni, akapita Temeke nyumba hadi nyumba akiuliza kama Marijani ni mvutaji. Majirani ni waungwana, wamwaibishe mwenzao mgonjwa? Wakamsifu. "Marijani? Lo! Mvutaji mkubwa huyo! Tena za kopo, si hizi zetu za kusokota." Bwana yule akaandika mpaka wino ukamwishia.

Chausiku aliposikia alishika kichwa. "Baba Hamisa, nenda kaseme kweli. Ukifa, mie na mwanao tutakula sifa zako za barazani?"

"Nikaseme mbele za watu kwamba miaka yote nilikuwa natafuna sigara baridi? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Mficha uchi hazai," akasema Chausiku, na siku ile hakumpakulia chakula.

Siku ya shauri ofisi ya Afisa Kazi ilifurika. Nusu ya Temeke ilikuja kumsindikiza, na kumsindikiza kwenyewe ndiko kulikomponza. Afisa, Mzungu aliyekijua Kiswahili cha kutosha, akauliza, "Marijani, unavuta sigara?"

Marijani akageuka nyuma. Baraza nzima inamkodolea macho! Alijua kabisa jibu gani litamlisha Hamisa, akajua pia lipi limeshamfika ulimini, akajichukia.

"Navuta, bwana," akasema. "Sana."

Chausiku akaguna kwa uchungu. Mwakilishi wa kampuni akafunika kalamu yake, kazi imekwisha.

"Mwongo huyo!"

Ilikuwa sauti ya Kasimiri, Mnyamwezi aliyekandika naye matangi yale miaka yote. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani haambiwi nyamaza hata msibani. Kasimiri akasukuma watu mpaka mbele. "Bwana, bahili kama huyu achome moto mali yake? Mzaramo? Hebu fungua kopo lililo mfukoni mwake. Sigara zile ni kubwa kuliko mwanawe!"

Afisa akafungua kopo. Sigara za manjano, zimetobolewa na wadudu, ncha zimetafunwa, hata moja haijaguswa na moto.

"Wewe umejuaje?"

"Mie ndiye mvutaji, bwana. Pakiti nzima kwa siku. Nikiwasha yangu, huyu anakimbia kama nyuki."

"Utaapa?"

"Naapa."

Karani akaandika yote: Kasimiri, mvutaji, pakiti kwa siku. Kisha Afisa akamgeukia Marijani. "Ni kweli?"

Jasho lilimtiririka. "Kweli, bwana. Sijavuta hata moja. Moshi unanitapisha."

Temeke ikacheka mpaka benchi likavunjika. Fidia ikaamriwa, na mumewe asipokuwapo, alipwe Chausiku. Mwanamke akapiga kigelegele humo humo ofisini, Afisa akashindwa hata kumkanya.

Nje, Marijani alikuwa na aibu na furaha vyote pamoja. Kasimiri naye alikuwa bado anacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kirefu cha kushika ukuta. Akajifuta kwa leso, akaikunja upesi. Marijani akawahi kuiona ile rangi.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na umeapa mbele ya Serikali kwamba wewe mvutaji! Ukija kudai, si watakusomea maneno yako mwenyewe?"

"Watasoma, nami ninavuta kweli." Kasimiri akatia leso mfukoni. "Ulitaka ninyamaze, ufe na kopo lako? Nyie Wazaramo hata kufa mpaka mfundishwe."

Marijani akafungua mdomo amrudishie tusi, kama ilivyokuwa ada yao miaka yote. Alilitafuta, akalikosa.