Genovaitė Haitiki

Mama mkwe wangu alikuwa hajarudi, mvua imeanza tena, na sisi watatu tumesimama jikoni kwake tukiiangalia simu yake mezani. Genovaitė haendi na simu msituni. Simu ikilia inakuumbua, husema, jirani anajua uliko, na kesho yake uyoga wako uko kwenye sufuria ya mtu mwingine.

"Ametoka tangu alfajiri," alisema mke wangu, Ramunė. "Na moyo wake ule! Hata vidonge kaviacha."

"Watu wa uokoaji wanasemaje?" aliuliza Zigmas, jirani wa mama, ambaye alikuwa amekuja na trekta lake bila kuitwa.

"Wanatoka wilayani. Wamesema tuwangoje."

"Tungoje nini, giza? Mama yako kaelekea wapi?"

Ramunė alicheka kicheko kibaya. "Mzee Zigmas, unaniuliza mimi? Mimi aliyenizaa humu ndani ndiyo kwanza sijui."

Huku Dzūkija, mkoa wa misitu, mtu atakupa kitanda chake alale sakafuni, lakini mahali anapookotea uyoga hakuambii. Mama humwambia binti yake siku akiona kaburi limekaribia, na wengine hufa nalo moyoni. Genovaitė hutoka kwa kuelekea kanisani, akishapita kona ndipo anakata kushoto, na jioni hurudi kikapu kimefunikwa majani ili hata ukubwa wa uyoga usionekane. Ramunė alikuwa akisubiri kuambiwa tangu akiwa mtoto mwenye mikia miwili ya nywele. Nilipooa nilidhani ni utani. Si utani hata kidogo.

Na ubaya ni kwamba mimi nilikuwa najua.

Mwaka uliopita, goti lilipomsumbua, mama alinichukua nimbebee vikapu. Alinizungusha msituni mpaka akaridhika kwamba nimepotea, kisha akaniapisha nisimwambie mtu, hata mke wangu. Alinichagua mimi kwa sababu mbele yake bado nilikuwa mgeni, mtu wa Lushoto aliyekuja kufundisha hesabu Vilnius, asiyeweza kuutofautisha msonobari na mwenzake. Hakujua kwamba nimekulia ukingoni mwa msitu, nikitumwa kuni kwenye ukungu ambao hata mkono wako huuoni.

"Mimi napajua," nikasema.

Ramunė aligeuka. "Unapajua wapi?"

"Anapookotea. Alinipeleka."

"Lini?"

"Mwaka jana."

Alichukua koti lake akatoka, na mlango akauacha wazi. Ningeona afadhali anitukane.

Trekta lilituingiza mpaka barabara ya magogo ilipoishia, kisha tukashuka tukaendelea kwa miguu. Zigmas alikuwa mzee mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Yeye na Genovaitė walikuwa wamewindana vuli baada ya vuli, huyu akimvizia yule nyuma ya miti, na salamu zao zilikuwa za kukohoa tu.

"Huyu mwanamke nimemtafuta msitu huu huu nusu ya maisha yangu," alisema akihema. "Leo ndiyo mara ya kwanza naomba nimpate."

Nilitangulia. Mnara wa wawindaji niliuona, nikauacha kulia. Baada ya hapo misonobari yote ilianza kufanana, mpaka nikauona msonobari ulioanguka, mizizi yake juu. Ng'ambo yake palikuwa na mahandaki ya zamani ya vita, yamefunikwa na vichaka.

"Mamaaa!" Ramunė aliita.

Mvua tu.

"Genovaitėėė!" Zigmas alinguruma.

Tukasikiliza. Tukaita tena, kwa zamu, tukiuzunguka msonobari ule. Sauti ya Ramunė ilianza kukatika, mwishowe akawa anaita na kulia kwa pamoja. Na mimi nilikuwa nikijilaumu kimoyomoyo kwamba nimewaleta siko, na mwanga unaondoka, na kwamba tukimkosa, ndoa yangu nayo nimeizika humu humu.

Ndipo mguu wangu ukapangua majani. Chini yake palikuwa na shina la uyoga limekatwa kwa kisu, jeupe, bado halijabadilika rangi. Lilikuwa limefunikwa kwa makusudi, vile mama anavyofunika, kwa kiganja cha majani na sindano za msonobari. Kulikuwa na jingine mbele, na jingine, yakielekea mahandakini.

Alikuwa hapa. Alikuwa karibu kiasi kwamba hata kikohozi chetu angekisikia, na tumeita mpaka koo zimekauka. Ama amekufa, ama anatusikia na haitiki. Nikamtazama Zigmas, na koo lake lile la kuitia ng'ombe, nikaelewa.

Nilimshika Ramunė mkono. "Hayupo huku," nikasema kwa sauti kubwa. "Nimekosea njia! Rudini kwenye trekta, mkatafute upande wa mto."

"Una wazimu? Mama yangu yupo msituni halafu unanifukuza?"

"Nenda, Ramunė." Nilimbana vidole. "Nenda na mzee Zigmas, na mwende mkiita. Kwa sauti."

Aliniangalia kama anayenichukia. Zigmas ndiye aliyefahamu kwanza. Uso ulimshuka, akavua kofia, akaivaa tena.

"Twende, binti," alisema. "Mumeo kakosea. Huku hakuna kitu, hata uyoga hauoti huku."

Walikwenda wakiita. Nilingoja mpaka sauti zao zikawa ndogo, na kila pumzi niliyongoja niliihesabu kama dhambi. Kisha nikasema, bila kupaza sauti: "Mama, ni mimi, Hizza. Niko peke yangu."

Nilisogea hatua moja kuelekea mahandakini.

"Mama, tafadhali."

"Zigmas kaenda?" handaki likaniuliza.

Alikuwa chini kabisa, mguu mmoja umepinda vibaya, maji yamefika kiunoni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alikuwa ameacha kutetemeka, nami nilishaambiwa kwamba hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Koti lake alikuwa amelivua, amefunikia kikapu.

"Ungekufa!" nilimfokea. Sijawahi kumfokea mkwe, na kwetu ni aibu kubwa, lakini nilimfokea. "Kwa ajili ya uyoga ungekufa hapa!"

"Usipige kelele. Atarudi. Chukua kikapu kwanza."

Nilimvisha koti lake na langu, nikambeba mgongoni, kikapu nikakiacha. Alinipiga begani kwa ngumi isiyo na nguvu. Tulipopita msonobari alitaka nizungukie kinamasini ili nyayo zisionekane. Nilinyoosha moja kwa moja kuelekea kwenye trekta. Baadaye ngumi zilikoma, kichwa chake kikalala shingoni mwangu, kizito, na hapo nikaanza kukimbia.

Ramunė alitupokea njiani. Tulimlaza mama kwenye tela la trekta, Zigmas akatoa blanketi la farasi, akamnywesha chai ya moto kutoka chupa yake mwenyewe, na mama akainywa bila kumtazama. Rangi ilianza kumrudia. Ramunė alimfuta matope usoni, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, ulikuwa unanisikia?"

Genovaitė alinitupia jicho, kama anayetaka nimjibie. Nilimfunika miguu kwa blanketi.

"Nilikusikia."

"Nikilia?"

"Ulikuwa na Zigmas, mwanangu. Ningefanyaje?"

Ramunė aliishika mikono ya mama yake akaanza kuisugua ipate joto. Alisugua vizuri, kidole kwa kidole, macho ameyainamisha, hamtazami. Nilimwona mama mkwe wangu, ambaye hakuogopa maji wala baridi, akiingiwa na woga.

"Sikiliza, Ramutė," alianza haraka haraka, akimwita kwa jina la utotoni. "Unapita mnara, unauacha kulia. Kuna msonobari umelala. Ng'ambo yake, mahandaki yote yale mpaka kinamasini. Ni pako. Unasikia? Nimekupa, pako."

Zigmas alikuwa palepale na alisikia kila neno. Aligeuka akaenda kuwasha trekta.

"Sikukuuliza, mama," alisema Ramunė, akaendelea kumsugua mikono.