Matundu Manne Mgongoni mwa Mfalme

Katika ufalme wa Sebule hakuna aliyetuma wala kupokea neno la nje bila kumsalimu Mfalme. Mfalme alikuwa Ruta, kifaa cha kugawa intaneti, na Lango lilikuwa lake. Ruta wa zamani alikuwa mpole, mzito kidogo, akipokea salamu yoyote yenye adabu. Alipochoka akazimwa, akawekwa kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Akaja Ruta mpya, mweusi, mwenye antena sita, na siku ile ile akatangaza salamu mpya. Ya zamani, alisema, wezi wote wanaijua.

Hilo lilikuwa kweli, tusimwonee. Simu na Runinga, waliotoka kiwandani juzi, walikuja na salamu mpya vinywani. Bi Mkongwe hakuijua.

Bi Mkongwe alikuwa kompyuta ya mezani, mwenye miaka kumi na mitano, na ndiye aliyetunza kumbukumbu. Ndani yake mlikuwa na vyeti, barua, picha za waliokwisha kufa, na maneno yote ya siri ya ufalme. Hakutaka makuu. Diski yake ilikuwa imeanza kugonga, tak, tak, na alijua maana yake. Alitaka kuvuka Lango mara moja tu, apeleke kumbukumbu kwenye ghala la ng'ambo kabla hajafa nazo.

Langoni aliambiwa hatambuliki. Akauliza salamu mpya inafundishwa wapi. Akaambiwa, nje ya Lango. Na nje anatokaje mtu? Kwa salamu mpya. Alijibiwa kwa upole kabisa, kama mgeni anayeelekezwa msalani. Akarudi siku ya pili na ya tatu, akajibiwa vile vile.

Akapeleka shauri barazani. Printa, jirani yake wa miaka mingi, ndiye aliyemsemea. Alieleza kwamba mgongoni mwa Mfalme kuna matundu manne, na anayeingia kwa waya kupitia tundu lolote haulizwi salamu. Waya wa mita mbili ungetosha.

"Mimi nina matundu?" Mfalme akauliza.

Hakuwahi kuuona mgongo wake, na hakuna aliyewahi kumwambia. Waziri Simu akaingilia haraka. Alisema kizazi chake kimeyaondoa matundu mwilini, na ufalme hauwezi kurudi nyuma kwa ajili ya mtu mmoja. Runinga alisema waya utapita mbele yake, na wageni wakija huwa wanamtazama yeye. Kisha akalalamika kuhusu kelele: tak, tak, kutwa nzima, mtu hawezi kusikiliza hata taarifa ya habari.

"Shangazi, pumzika," Simu alisema. "Umeshafanya kazi yako."

"Baba, sijaja kuomba kazi," Bi Mkongwe akajibu. "Nimebeba mzigo wenu. Nataka kuutua mahali salama, basi."

Mfalme akasema ombi limepokelewa. Ikaundwa Kamati ya Waya.

Kikao cha kwanza kilichagua mwenyekiti. Cha pili kilijadili rangi ya waya ili ifanane na ukuta, nacho kikaahirishwa. Cha tatu hakikutimiza idadi kwa sababu Simu alikuwa kwenye chaji. Bi Mkongwe na Printa wakajaribu kuchapa kumbukumbu kwenye karatasi. Zilitoka kurasa saba hafifu, za vyeti tu, wino ukaisha, na wino huagizwa kupitia Lango. Hapo Bi Mkongwe akaacha kwenda barazani. Alikaa mezani pake akigonga.

Mchana mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Mfalme alipoamka hakukumbuka kitu: wala jina lake, wala neno ambalo mtoa huduma wa nje alimtambua kwalo. Taa zake zote zilizima ikabaki moja nyekundu. Mfalme wa namna hiyo haongei na mtu kwa hewa mpaka akumbushwe kwa waya, kutoka kwa mwenye tundu na mwenye kuyajua maneno ya siri. Simu hakuwa na tundu ila la chaji. Runinga alikuwa nalo, lakini Runinga hujua kusema tu, hakuwahi kutunza neno la mtu.

Ikafungwa safari bila kamati. Waya ulipatikana kwenye droo, chini ya Ruta wa zamani, na Waziri Simu mwenyewe ndiye aliyeuvuta sakafuni, kutoka mgongoni mwa Mfalme hadi mezani. Akapangusa vumbi kwenye tundu la Bi Mkongwe, akachomeka.

"Bi Mkubwa," alisema. "Tumekuja. Tafadhali, neno moja tu."

Kimya.

"Ameacha kugonga tangu juzi," Printa akasema.

"Na hamkutuambia?"

"Tuliwaambia. Mliandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba kero ya kelele imetatuliwa."

Ukutani taa nyekundu iliendelea kuwaka na kuzima. Waya ulilala katikati ya sakafu, umepita mbele kabisa ya Runinga, wote wakiuona, na hakuna aliyesema unaharibu sura ya chumba.