Udongo wa Nduma

Kufikia saa tatu asubuhi ile Ijumaa nilikuwa nimeshagombana na watu watatu, na mume wangu bado alikuwa mochari Nyeri akitungoja. Mazishi yalikuwa yametangazwa kuwa Jumamosi saa nne. Wachimbaji wa kaburi walikuwa wameanza tu, na mimi nilikuwa nikienda mlangoni, narudi shimoni, naenda mlangoni tena, sijui natafuta nini. Mtu akiniambia nikae chini nilikuwa namwangalia mpaka anaondoka mwenyewe.

Naitwa Khavere. Nafundisha darasa la nne hapa Mweiga, na watu huku huniita Mwalimu. Maxwel alikuwa polisi. Walimhamisha kila mahali, na mwisho wakamleta huku karibu na Aberdare, baridi ikamwingia kifuani na haikutoka tena. Wiki mbili kabla ya ile Ijumaa, mapafu yalimshinda. Alikuwa ametuambia, mimi na binti yetu Jackie, tumzike mbele ya mlango wake. Hakuomba kitu kingine.

Labda wewe huoni uzito wa hilo, basi nikueleze. Kwetu Maragoli, mwanamume huzikwa mbele ya nyumba yake. Yule ambaye hakujenga hupelekwa pembeni kando ya ua, kama mtoto. Maxwel hakuwahi kujenga nyumbani. Mshahara wake ulisomesha wadogo zake wote, na alipopumua kidogo akanunua kiploti huku, akajenga nyumba ya mbao, vyumba viwili, mabati juu. Hiyo ndiyo nyumba yake pekee duniani. Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa mkali.

Samuel, mdogo wake, alifika Alhamisi kutoka nyumbani akiwa ametumwa na ukoo amrudishe Maxwel azikwe kwao. Hata chai hajamaliza akaniambia mkataa kwao ni mtumwa. Nikamuuliza ni nani aliyemlipia karo mpaka akajua kusema hivyo. Akaanza upya kwa upole, ati watasimamisha kibanda cha miti na karatasi za mabati siku moja kabla, kama inavyofanyiwa wale ambao hawakujenga, ili kaka yake asizikwe pembeni. Nikakataa. Nimeviona vibanda hivyo. Wiki ikiisha vinabomolewa, mabati yanarudi kwa mwenyewe, na kila anayepita anajua marehemu alikuwa hana kitu. Maxwel hakuwa mtu wa kibanda.

Lori lilikuwepo, hilo Samuel alinikumbusha mara tatu. Lilikuwa la Bile, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki, rafiki ya Maxwel tangu alipofanya kazi kule. Bile alikuwa ametuletea viti na hema, akakataa kulipwa, akaegesha barabarani na kukaa ndani na tasbihi yake. Samuel alikuwa akiliangalia lori lile kama mtu anayeangalia sahani ya jirani.

Sasa hiyo ploti. Shamba la Mburu, mzee aliyetuuzia, limeanzia barabarani juu, linateremka. Juu ni udongo mwekundu, viazi na majani ya ng'ombe. Halafu ardhi inashuka ghafla kama ngazi moja, unakanyaga mahali tambarare kabisa, na mbele yako hatua hamsini kuna kijito. Hapo tambarare ndipo tulinunua. Mburu mwenyewe alimwambia Maxwel hiyo ni pahali ya nduma, magimbi yanayopenda maji, watu hawajengi huko, babake alikuwa anapanda nduma na kupanda juu kwenda kulala. Maxwel alicheka. Alidhani mzee anajutia bei.

Msimlaumu. Sisi tunatoka kwa mawe. Kwetu shamba ni mteremko, na katikati ya mahindi kuna jiwe kubwa kuliko nyumba, unalilima ukilizunguka maisha yako yote. Mtu wa Maragoli ukimwonyesha ardhi tambarare, nyeusi, haina hata kokoto, anafikiri Mungu amemwita kwa jina. Na tuliiona Januari. Ilikuwa ngumu kama saruji, imepasuka nyufa ambazo mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko. Mimi ndiye niliyeingiza mkono, nikasema udongo mweusi hivi hauhitaji hata mbolea. Nililisema mimi, si Maxwel.

Aprili ikatufundisha. Mvua ikinyesha huku chini maji hayaendi kokote. Yanakaa juu ya udongo siku tatu, nne, yanakutazama. Udongo ule nilioingiza mkono Januari unafura, nyufa zinafunga, na gambuti ikizama unatoka na mguu peke yake. Nguzo za nyumba zilikuwa zikinyanyuka msimu mmoja na kushuka msimu mwingine, kwa hiyo mlango wetu ulikuwa unafunga vizuri Agosti tu. Choo kilijaa maji kabla hakijatumika. Maxwel alisema tutazoea. Miaka kumi na mmoja tulikuwa tunazoea.

Na bado, nakuapia, sikuwahi kufikiria kaburi. Mtu anachimba choo, kinajaa maji, analaani, anachimba kingine. Hafikirii kwamba siku moja atalazwa humo.

Ijumaa ile, futi ya kwanza ilikuwa nyeusi, inanata kwenye sepetu kama ugali kwenye mwiko, wachimbaji wanakwangua kwa panga kila baada ya kutupa mara mbili. Futi ya pili ikageuka kijivu. Kijivu hasa, rangi ya jivu lililomwagiwa maji, na ndani yake madoa ya kutu, mekundu na ya manjano, yanafuata mahali mizizi ilipopita. Ikaanza kutoa harufu ya yai bovu. Futi ya tatu, mchimbaji mmoja akasimama na kuangalia miguu yake. Maji yalikuwa yanaingia kutoka ubavuni, polepole, bila sauti, kama mtu anayekuja kukopa.

Nikawaambia wachote. Wakachota kwa ndoo. Walipofika futi nne ukuta wa upande wa mto ukaporomoka, shimo likawa pana kuliko lilivyo refu, na maji yakafika magotini. Nikawaambia wahamie upande wa pili wa mlango. Hapo ndipo Samuel alipokuja juu, akasema kwetu kaburi likichimbwa haliachwi wazi bila mtu, kama halitumiki unazikwa mgomba ndani yake, na mimi sasa nataka kufungua la pili kana kwamba natafuta wa kulijaza. Nikamwambia basi alete migomba miwili. Nilijua nakosea nikisema. Lakini ulimi wangu ukianza safari huwa hauangalii nyuma.

La pili lilijaa kabla ya saa saba.

Mburu alishuka akiwa na fimbo na koti lake refu. Hakusema nilikuambia, na hilo lilinikasirisha zaidi kuliko kama angesema. Akachukua bonge la udongo wa kijivu, akalifinya, likatoka katikati ya vidole kama siagi.

"Mwalimu, hii rangi si ya udongo kuzaliwa nayo," akaniambia. "Hii imekaa kwa maji miaka mingi mpaka ikapoteza wekundu wake. Hayo madoa ya kutu ndiyo pahali hewa hupita kidogo wakati wa kiangazi. Hata uchimbe kumi, zote zitakuwa moja. Maji haina pa kwenda. Chini imeziba, na mto iko hapo."

Nikamuuliza tukiweka mawe na saruji. Akasema jeneza litaelea chini ya saruji, na mvua ya Mei bado haijaja. Kisha akavua kofia, akaniambia kwamba juu kando ya majani ya ng'ombe udongo ni mwekundu na mkavu hadi chini, na kama ninataka, Maxwel atalala pale, yeye na wanawe hawana neno. Ilikuwa heshima kubwa. Mkikuyu kukupa mahali pa kaburi kwenye shamba lake si jambo la mchezo, na macho yangu yalijaa. Lakini pale juu hakuna mlango wa Maxwel. Angekuwa mgeni kwa Mburu milele. Nikamshukuru, nikakataa.

Hapo nikaishiwa. Maji yalikuwa yamezidi unga. Nikakaa kwenye kizingiti, matope hadi kwenye mapaja, na nikaona kitu ambacho sikutarajia. Samuel, mwenye suti yake ya safari, alikuwa ameingia kwenye shimo la kwanza na ndoo. Alikuwa anachota. Hakuna aliyemtuma. Anachota, anatupa, maji yanarudi, anachota tena, na alikuwa analia waziwazi kama mtoto.

"Shemeji, toka humo," nikamwambia.

"Kama alitaka hapa, basi iwe hapa," akasema. "Alinilipia shule, Mama Jackie. Siwezi kushindwa na maji."

Nikamwangalia akichota na nikamwona Maxwel. Usiku alikuwa akilala na soksi mbili na sweta ya polisi, na bado ananiambia miguu yake imelowa. Haikuwa imelowa. Lakini alikuwa anaamini hivyo, na mimi nilikuwa nikimkanda mpaka anapitiwa na usingizi. Sasa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilikuwa nakazana wamweke ndani ya maji. Nilijichukia. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Nikamuuliza Samuel, wakimpeleka watamzika wapi. Akafuta uso kwa mkono wenye tope na kusema ninajua wapi, pembeni, au mbele ya kibanda.

"Na angekuwa na nyumba?"

"Pale juu kwenye mawe, mahali baba alimgawia. Hakuna mtu amepagusa. Lakini hana nyumba, Mama Jackie."

"Anayo," nikasema.

Nikainuka, nikawaambia wachimbaji waache sepetu, waende kwa Mburu waombe nyundo na mitaimbo, waanze na mabati. Wakadhani huzuni imenipanda kichwani. Mmoja alinipa pole. Nikapanda juu ya meza mwenyewe, nikaanza kung'oa msumari wa kwanza, ndipo wakaelewa.

Nyumba ya mbao si kama ya mawe. Ilipigwa misumari, inang'olewa misumari. Nilileta chaki zangu za shule, nikaandika namba kwenye kila ubao: ukuta wa barabara kuanzia moja, ukuta wa mto kuanzia mia, ili fundi wa nyumbani asikosee. Samuel alipiga simu kwa ndugu zake wachimbe mashimo ya nguzo ishirini na nne kwenye mawe, akawapa vipimo kwa hatua za miguu yake, nao kule wakawa wanamuuliza kama amelewa. Bile aliposikia, akaweka tasbihi mfukoni na kuvua shati. Lori halingeweza kushuka kwenye tope lile, kwa hiyo kila ubao ulipanda kilima mabegani mwa watu, na Mburu akaita wanawe. Jackie aliporudi kutoka Nyeri na karatasi za mochari alikuta mama yake amesimama mahali penye vitanda viwili na jiko, hakuna kuta. Akachukua mabati mawili kichwani.

Samuel alinijia mara moja tu, kwa sauti ya chini, kuniuliza mimi nitalala wapi nikirudi. Nikamwambia abebe mbao.

Kabla giza halijaingia Mburu alikata migomba miwili, tukailaza, mmoja kila shimo, na wachimbaji wakarudisha udongo. Haukutosha. Udongo ule ukiutoa haurudi vile ulivyokuwa. Mburu akasema ataweka nduma juu, nikamwambia sawa.

Bile aliendesha usiku kucha na mbao, sisi tukampitia Maxwel mochari, na Jumamosi kutwa ndugu zake wakaisimamisha nyumba. Tulimzika Maragoli Jumapili saa nane mchana, siku moja baada ya ile iliyotangazwa. Udongo wa kwetu ni mwekundu, na sururu ilitoa cheche kwenye mawe mpaka futi sita, kavu. Nyumba ilisimama nyuma ya jeneza, namba zangu za chaki bado zinaonekana, ukuta mmoja umewekwa kinyume kwa sababu ndugu zake hawasikii maagizo. Mlango ulifunguka na kufungika vizuri, na haikuwa Agosti. Wazee walimzika mbele yake na hakuna hata mmoja aliyenong'ona kitu.

Jumanne nilikuwa darasani Mweiga. Nimepanga chumba kimoja nyuma ya duka, choo cha watu sita. Watoto waliniuliza nyumba yangu ilienda wapi, nikawaambia iko Maragoli. Wakauliza anakaa nani. Nikawaambia hakuna mtu ndani, mume wangu yuko mlangoni.