Ladha ya Tangi la Nne

Kila siku ya kazi, saa mbili na robo asubuhi, Jefwa Mwaringa alisukutua kinywa kwa maji vuguvugu, akatafuna kipande cha muhogo uliochemshwa bila chumvi, kisha akaketi kwenye meza ya bati kuonja ramu. Kiwanda kilikuwa Changamwe, karibu na reli, na kilitengeneza ramu nyeupe kutokana na maji ya miwa. Haikulazwa kwenye mapipa ya mbao ikapata rangi na umri. Siku ya tatu tu baada ya kutoka kwenye mtambo ilitiwa chupani, angavu kama maji, ikapelekwa kwenye baa za Kilindini na melini.

Jefwa alikuwa mwana wa mgema wa Rabai, na ulimi wake haukukosea. Funda la kwanza alilizungusha mdomoni akalitema. La pili alilishikilia chini ya ulimi mpaka ukali upoe, akalitema nalo. La tatu alilimeza, kwa sababu ramu isiyomezwa haijamaliza kusema, na kwa sababu aliipenda. Aliupenda ubichi wake, ule moto mfupi kooni, na utamu unaokuja nyuma ya moto kama mtu aliyechelewa. Kisha aliandika daftarini kila alichokikuta, bila kupunguza wala kuongeza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi.

Jumanne moja ya Februari 1961, katika tangi la nne, alikuta majani ya muwa, ganda la ndimu, ndizi mbichi, na Mramba.

Mramba alikuwa mfanyakazi wa mapipa makubwa ya kuchachushia. Siku chache kabla ya hapo alikosekana kazini, na karani Justus akaandika kwamba ametoroka. Jefwa alipolimeza funda la tatu alijua kwamba Mramba hakutoroka. Alijua jinsi ubao wa kupitia juu ya pipa ulivyokuwa umeoza, kwamba Mramba alimwonya nyapara kuhusu ubao huo mara tatu, na kwamba ulivunjika saa saba mchana. Hewa inayotanda juu ya maji ya miwa yanayochacha haifai kupumuliwa. Mtu hulegea kabla hajaita. Mramba alijua mpaka hapo. Yaliyofuata yalijulikana na zamu nzima: pipa lilipomwagwa, chujio lilishika mkanda mmoja na vifungo vitano vya shati. Nyapara alivitia mfukoni, na havikuonekana tena. Sehemu iliyobaki ya Mramba ilikuwa imekwisha kuwa pombe.

Jefwa aliandika: majani ya muwa, ndimu, ndizi mbichi, Mramba, ubao. Meneja, Bwana Hesketh, alisoma, akaonja. Akauliza kama ladha ina kasoro. Jefwa alijibu kweli, kwamba hajapata kuonja ramu nzuri kuliko ile. Ilikuwa na uzito katikati na haikuwasha mwishoni. Bwana Hesketh alikubali. Alisema pia kwamba sasa anafahamu Mramba hakuwa akimpenda. Akatia sahihi, tangi likatiwa chupani.

Ijumaa alikuja Kache, mke wa Mramba, kutoka Rabai. Shida yake ilikuwa moja. Maiti hufanyiwa matanga, kisha ndugu zake humsimamishia koma, kijiti kinachochomekwa ardhini na kumwagiwa tembo la mnazi, ili aliyekufa anywe na atulie. Ndugu za Mramba walikataa. Walisema hawamchomekei kijiti mtu ambaye huenda yuko Tanga na mke mwingine. Naye Mramba, kwa kukosa kinywaji, alikuwa amekwisha kuanza kuwasumbua watoto. Mbeyu, mdogo wao, alikuwa hali chakula. Kache alitaka barua ya kiwanda isemayo kwamba mumewe alifia kazini.

Jefwa alimtilia ramu kidogo ya tangi la nne kwenye gilasi.

"Mimi sinywi vitu hivi, kaka Jefwa."

"Onja polepole, Mama Mbeyu. Ukifanya pupa itakuunguza."

Alionja.

"Alikuwa akiwaza bati," alisema.

"Bati gani?"

"Lile linalovuja juu ya kitanda. Kila masika namwambia, na kila masika ananijibu kesho. Kumbe alikuwa akiliwaza." Akaiweka gilasi mezani. "Mwongo mkubwa. Angeliezeka, si kuliwaza."

Kwa kuwa kitabu cha Justus kilisema ametoroka, kiwanda hakikutoa barua, nao wakaenda pamoja kwa afisa wa serikali aliyeshughulikia ajali za kazini. Alikuwa mtu mstaarabu. Alikubali kuonja, akafunga macho, akamwuliza Kache hali ya Mbeyu kabla hajatajiwa jina la mtoto. Alisema hana shaka hata chembe. Hata hivyo, hakuna aliyemwona Mramba akianguka. Waliojua walijua kwa kunywa, na ushahidi wa mtu aliyekunywa pombe haupokelewi. Naye mwenyewe, aliongeza, kwa siku ile hakuweza tena kuandika chochote cha kisheria. Aliwasindikiza mpaka mlangoni.

Ramu ile ilisifiwa sana. Kule Kilindini mabaharia walililia bati la nyumba ambayo hawakupata kuiona. Ndugu za Mramba nao walionjeshwa. Walisema ndiye, hawabishi, ila ulevi si barua.

Desemba 1963 Bwana Hesketh alikuwa amerudi kwao, na Justus alikuwa meneja. Siku ya sherehe ya kiwanda ilifunguliwa chupa ya mwisho ya tangi la nne. Ramu nyeupe haizeeki ndani ya chupa. Mramba alikuwa bado na miaka thelathini na mmoja. Justus alikunywa, akawaambia watu kwamba marehemu alikuwa hodari wa kazi. Kache, aliyeingia na wageni, alimwomba barua ile ile.

"Mama, yale maandishi ni ya wakati wa Mzungu, na kitabu kimefungwa," Justus alisema kwa upole. "Hatuwezi kuanza uhuru kwa kufutafuta vitabu."

Kache akaomba apewe basi kilichobaki chupani, akamwage nyumbani kwa mkono wake. Justus alieleza kwamba mali ya kiwanda haitoki bila hati. Kunywa hapo hapo, ruhusa.

Jefwa alimtilia yote. Kache aliipokea gilasi kwa mikono miwili, akaimimina kinywani mpaka mashavu yakajaa, akaurudisha mtandio wake kichwani. Jefwa alilitazama koo lake. Halikusogea.

Waliomuaga hakuwaitikia, na wengine walimwona mwenye kiburi. Langoni mlinzi alimpekua kama alivyopekuliwa kila mtu, akamkung'utia kikapu, akampapasa mafundo ya leso, kisha akaandika kitabuni kwamba mwanamke mmoja wa Rabai ametoka saa kumi kasorobo, hana kitu.