Mafundo ya Wesley

Ziwa lilipoingia kwa ile makumbusho yao ndogo pale Rusinga, Terry na Wesley walitoa vitu zote nje, wakabaki wanacheka, maji kiunoni. Halafu Wesley akakumbuka nyatiti, ile ala ya Wajaluo ya nyuzi nane, akarudi ndani. Nyatiti ilielea yenyewe mpaka nchi kavu. Wesley alipatikana kesho yake, amezama.

Sasa nyatiti iko kwa meza, kivulini, ngozi yake inakauka. Ikikauka nyuzi zikiwa zimekazwa, itapasuka. Lazima zifunguliwe, na Wesley ndiye alizifunga, na mkono yake.

"Fungua, dadangu," mkubwa wao wa kazi, Nchagwa, akamwambia Terry.

"Si ufungue wewe?"

"Mimi ni mtu wa jembe, wa Kegonga. Nitazikata."

"Na yule mshauri wa kuongea na sisi juu ya msiba, ulisema anatoka Homa Bay?"

"Barabara imeenda na maji, Terry. Na ngozi haingoji mtu."

Terry akaanza. Yalikuwa mafundo ya wavuvi, ya kukaza meno. Wesley alikuwa akijigamba, "Hii hata nikikufa haitoki!" Terry akawa anaomba moyoni isitoke. Ikatoka. Zikatoka zote, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Umeiokoa," Nchagwa akasema polepole. "Tutaweka nyuzi mpya."

Ule uzi wa mwisho ulikuwa bado umejikunja vile Wesley aliuacha. Terry akaufumbata kwa ngumi, na hiyo ngumi akakataa kabisa kuifungua.