Vilemba vya Maua ya Boga

Maboga yalianza kuanguka katikati ya Oktoba, yakiwa na ukubwa wa yai la njiwa. Yaligeuka manjano, yakalainika, na tukayakuta chini ya majani yao mapana kama yaliyolala.

Shamba letu liko Fon Lorye, juu ya mji wa Jakmèl, Haiti, mahali ambapo ukungu hukaa hadi saa mbili asubuhi. Hatutumii dawa wala mbolea ya dukani. Mazao huliwa na wazee, wajane na wagonjwa wa kilimani. Watoto huja alasiri, baada ya shule, kujifunza kulima. Mimi ni mtaalamu wa kilimo. Wananiita Bibi Shamba, ingawa sijafika miaka thelathini. Bi Sefaniz ndiye mpishi, na miaka yake hakuna anayeijua.

Tarehe mosi Januari kila Mhaiti hunywa supu ya boga. Babu zetu waliipika utumwani wakakatazwa kuionja. Siku ya uhuru wakainywa. Anayeikosa siku hiyo hujiona amesahauliwa na nchi nzima. Watu sitini walitutegemea sisi.

"Kuna mtu anayanyooshea kidole maboga yangu," alisema Bi Sefaniz.

Hapa kwetu boga changa likinyooshewa kidole huoza. Anayetaka kulionyesha hukunja ngumi.

"Bi Sefaniz, boga halina macho," nilimwambia nikicheka, kama kila alipotaja imani hiyo.

"Na wewe una digrii. Mbona bado yanaoza?"

Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Nilipima udongo. Niliyapasua yaliyoanguka nikitafuta funza. Sikuona kitu.

Asubuhi zangu zilipita kwenye kitalu cha miche, ng'ambo ya korongo. Siku moja, mwanzoni mwa Novemba, nilivuka mapema kufuata jembe, nikapita katikati ya maboga. Nilidhani ningali usingizini. Ndani ya ukungu vilielea vitambaa vidogo, vyekundu, vyeupe, vya maua, vipande vya magauni yaliyozeeka. Kila kimoja kilifungwa juu ya ua la boga. Wozmèn, msichana wa miaka tisa, alikuwa amepiga magoti akikaza fundo.

"Unafanya nini?"

"Nalivisha kilemba," alinong'ona. "Watu wanaokuja kuchukua chakula wananyooshanyoosha vidole. Tangu maua ya kwanza mwaka huu tunayafunga kabla ya shule, Bi Sefaniz anayafungua mchana. Usimwambie kama umeona. Wewe utatucheka."

Nyuki alitua juu ya kitambaa chekundu. Alikizunguka, akatafuta mlango, akaondoka.

Ua la boga hufunguka asubuhi moja tu, na nyuki asipoingia, kiboga chake huoza. Nilikwenda jikoni.

"Bi Sefaniz, ni vile vitambaa. Nyuki hawaingii."

Aliweka mwiko chini.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeyaua."

"Na mimi niliwacheka hadi mkajificha."

"Wewe ulicheka tu, mwanangu. Mimi nilifunga mafundo."

Boga huhitaji karibu miezi miwili kukomaa. Tulibakiwa na asubuhi chache, na nyuki ni wavivu penye ukungu. Kesho yake alfajiri niliwakusanya watoto. Niliwaonyesha ua dume, lenye kikonyo chembamba, na ua jike, lenye kiboga shingoni. Unalichuma dume, unalivua petali, unalipangusa ndani ya jike ili vumbi lake libaki humo.

"Kumbe boga lina mchumba!" alisema Wozmèn.

"Funga mdomo," alisema Bi Sefaniz. "Bwana harusi ataona haya."

Yeye mwenyewe alisimama ukingoni, mikono nyuma.

"Njoo, mama," nilimwambia.

"Kwa mikono hii?"

"Hiyo hiyo."

Alipiga magoti taratibu. Alikunja ngumi kukizunguka kikonyo, hata ncha ya kidole isitokeze, akalipangusa ua kama anayemfuta mtoto uso. Safari hii sikucheka. Watoto walisambaa. Ukungu uliwameza, yakabaki maua ya manjano yakitembea peke yake, na minong'ono.

Tulifanya hivyo asubuhi sita. Maboga saba yalishika, moja likaliwa na panya.

Tarehe mosi Januari Bi Sefaniz aliongeza viazi, kabichi na tambi kwenye sufuria ili maboga sita yatoshe watu wote. Watu walikaa kwenye nyasi zenye umande, mvuke wa bakuli ukichanganyika na ukungu.

"Sefaniz, supu imekonda mwaka huu," alisema mzee Dyelis.

"Kama wewe. Kunywa."

Alikunywa, akarudisha bakuli kuomba nyingine. Hakuna aliyerudi mikono mitupu. Mwishowe Wozmèn alikwangua sufuria, akapata nusu kikombe, akampelekea mpishi.

"Kunywa wewe," alisema Bi Sefaniz. "Mimi mwaka huu sistahili."

"Wote wameshakunywa, bibi. Umebaki wewe."

Alikipokea kwa mikono yote miwili. Alifumba macho, akanywa polepole hadi tone la mwisho.