Waone Uso Kwanza

Uvumi ule ulimwingia Florentine sokoni Musienene, kati ya maharagi na viazi, na haukutoka tena: ati équipe inayozika wafu wa Ebola inajaza mawe ndani ya mifuko, maiti zenyewe zinauzwa mbali. Alirudi nao Butembo, akaupika na sombe, akalala nao. Maana Séphora, mtoto wake, alikuwa wa équipe ile, na mtu akiamini hivyo hakosi kumpiga mutoto wa mutu.

Rébecca, jirani yao wa Vulamba, alipokufa kwa Ebola, ukungu ulishuka mpaka ndani ya migomba. Florentine alikwenda kwenye kilio kama anayetembea chini ya maji. Watu walikuwa vivuli tu. Nyimbo za kanisa zilitoka huku, zikatoka kule, hazina midomo.

Gari la équipe likaupasua ukungu, likasimama katikati ya wanaolia, moteur ikinguruma. Séphora akashuka na wenzake. Wanaume wakainama, wakaokota mawe.

“Bauza-nyama bamefika!” mmoja akapaza.

Lusenge, kaka ya marehemu, akasogea. “Séphora, si ulikula kwa meza ya dada yangu? Leo unakuja kumufunga kama gunia ya viazi?”

Florentine alitaka kumwita mtoto wake. Akapenya kati ya vivuli, amfikie.

Séphora alikuwa amekwisha kumpigia chef wake Melchior, aliye bureau, ofisini kule Beni. Simu ilisikika na wote.

“Chef, mulisema tuzike mbio. Mais hapa haiwezekani. Tukibasukuma, batatupiga, na kesho batatuficha bagonjwa.”

Melchior akajibu:

“Ni wewe uko pale, mimi hapana. Basimuguse maiti, ile usilegeze. Ingine yote, amua wewe.”

Séphora akarudisha gari mpaka barabarani, akavua gilet, kizibao chake cha kazi, akaketi chini, mbali kidogo na wanawake.

“Baba Lusenge, mutusamehe, tumeingia kama bezi ba usiku. Munataka nini?”

“Uso! Kwetu mutu haendi mu udongo kama mama yake mudogo hajamuona.”

“Donc ataona. Tuko na mufuko ya kuonyesha, kama kioo.”

Rébecca alipokwisha kutiwa humo, Mzee Élise, mama yake mdogo, akashikwa mkono, akasimamishwa hatua chache kutoka kwa mfuko. Aliangalia, akaangalia, mpaka ukungu ukaonekana kungoja naye.

“Ni yeye,” akasema. “Na bado amenuna, kama siku zote.”

Mtu akacheka. Halafu wote wakalia, kilio chenyewe sasa, na mikono ya wanaume ikafunguka, mawe yakaanguka. Florentine akasikia miguu yake inagusa chini.

Basi, wewe unayetumwa kwa watu, na wewe unayetuma:

Usiingie kwenye kilio na moteur inanguruma.
Usicheke swali la mtu, hata likiwa la ujinga.
Usiguse maiti, hata wakikulilia.
Usibebe neno la sokoni mpaka nyumbani bila kumuuliza aliyeona.
Usikate mambo ya kilio ukiwa umeketi bureau.
Usimtume mutoto wa mutu mbele ya watu wenye uchungu, kama hujamruhusu kusema: ngojeni kwanza.